Jinsi ya kugawa mzigo wa kufundisha chuoni bila kuoneana: mwongozo kwa wakuu wa idara wa Mtwara na Lindi

Kabla muhula wa kwanza haujaanza, mkuu wa idara hukaa na orodha mbili mezani: ya kozi na ya walimu. Njia iliyozoeleka ni ya haraka. Kozi 18, walimu 6, kila mmoja tatu, kikao kimekwisha. Lakini kozi hazilingani. Aliyepewa Stadi za Mawasiliano ya mwaka wa kwanza atasahihisha vijitabu vya mtihani karibu 300. Aliyepewa kozi ya hiari ya mwaka wa tatu atasahihisha 18. Kwenye karatasi ya idara wote wawili wameandikiwa "kozi moja", na anayelalamika anaonekana mvivu.

Huku Kusini kosa hilo linauma zaidi. Dar es Salaam, mkuu wa idara aliyepungukiwa mwalimu anapiga simu mbili tatu na wiki inayofuata ana mhadhiri wa muda kutoka chuo cha jirani. Mtwara ukishataja Stella Maris, kampasi ya Taasisi ya Uhasibu na kituo cha Chuo Kikuu Huria, orodha ya majirani imekaribia kwisha, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500. Kinachozidi kinabebwa na waliopo. Sasa kama ni lazima wabebe, basi ijulikane nani amebeba nini.

Mwongozo huu unapima mzigo kwa saa za kazi za muhula mzima, zikiwemo zile ambazo hazionekani kwenye ratiba. Unahitaji karatasi ya Excel, orodha ya wanafunzi waliosajiliwa na mchana mmoja wa utulivu.

Hatua ya 1: Jua mwalimu ana saa ngapi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 9 kwa siku. Huo ni ukomo, hakuna anayekulazimisha kuufikia. Kwa kupanga mzigo tumia saa 40 kwa wiki, ili likitokea la kutokea, kama kikao cha dharura au mitihani ya marudio, usijikute umevuka mstari.

Chukua muhula wa wiki 17: 15 za kufundisha na 2 za mitihani. Saa 40 mara 17 ni 680. Kama muhula wenu una wiki pungufu au zaidi, badilisha namba hiyo kabla ya kuendelea, maana kila kitu kitakachofuata kinaitegemea.

Weka pia hesabu ya mwaka pembeni. Mwaka una wiki 52. Toa wiki 4 za likizo (sheria inatoa siku 28), toa wiki kama 3 za sikukuu na siku zisizo na kazi, unabaki na wiki 45, sawa na saa 1,800. Mihula miwili inachukua 1,360. Zile 440 zinazobaki si za bure, na tutazirudia kwenye mazoezi ya kufundisha.

Hatua ya 2: Tenga fungu la kufundisha

Mwalimu wa chuo kikuu ana kazi tatu: kufundisha, kutafiti, na kutoa huduma kwa chuo na jamii. Mgawanyo hutofautiana kwa cheo, na aliye na mamlaka ya kuupitisha ni chuo, si mkuu wa idara peke yake. Kama chuo chako kina sera, ifuate. Kama hakina, mapendekezo yangu ya fungu la kufundisha ni haya: Mkufunzi Msaidizi asilimia 75, Mhadhiri Msaidizi 70, Mhadhiri 60, Mhadhiri Mwandamizi 50, Profesa Mshiriki na Profesa 40.

Kwa saa, Mhadhiri ana 408 za kufundisha kwa muhula (680 mara 0.6). Mhadhiri Mwandamizi ana 340. Profesa ana 272.

Kuna watakaosema profesa asifundishe kabisa mwaka wa kwanza. Sikubaliani nao. Punguza saa zake, lakini usimpunguzie kwa kumkinga na madarasa makubwa tu, kwa sababu hapo cheo kinageuka kuwa njia ya kukwepa vijitabu. Tena usisahau upande wa pili: anayelipwa saa za utafiti aonyeshe utafiti. Asipoonyesha kwa miaka miwili mfululizo, saa zile zirudi darasani.

Hatua ya 3: Weka kiwango cha kila kazi

Tahadhari moja kwanza. Mfumo wetu wa vyuo vikuu unahesabu krediti, ambapo krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Saa hizo ni za mwanafunzi. Kozi ya krediti 10 inabaki ya krediti 10 hata kama darasa lina watu 20 au 400. Kwa hiyo usigawe mzigo wa walimu kwa krediti. Ni kosa la kawaida, na linaonekana la kisayansi kiasi kwamba hakuna anayelihoji.

Kwa mihadhara, andika saa za darasani kama zilivyo: saa 2 kwa wiki mara wiki 15 ni saa 30. Kisha ongeza maandalizi. Kozi ambayo mwalimu ameshaifundisha, weka saa 1 ya maandalizi kwa kila saa ya mhadhara. Kozi iliyobadilishwa mtaala, saa 2. Kozi mpya kabisa kwake, saa 3. Hapa angalia mwalimu husika, usiangalie umri wa kozi. Kozi inaweza kuwa na miaka kumi idarani na bado ikawa mpya kwa aliyekabidhiwa jana baada ya mwenzake kuhama.

Mhadhara uleule ukirudiwa kwa mkondo wa pili, saa za darasani zihesabiwe zote, maandalizi yasihesabiwe tena.

Semina zihesabu wiki 13, kwa kuwa wiki mbili za mwanzo kwa kawaida huisha kwenye usajili na kupanga makundi. Maandalizi ni nusu saa kwa wiki kwa kila kozi, siyo kwa kila kundi.

Kutunga mtihani pamoja na mwongozo wa kusahihisha na kukaa kwenye kikao cha uhakiki: saa 8 kwa kozi. Kuingiza alama kwenye mfumo: dakika 2 kwa mwanafunzi. Kuonana na wanafunzi ofisini: dakika 6 kwa mwanafunzi kwa muhula. Najua dakika 6 ni chache. Wengi hawaji kabisa, na wachache wanakuja kila siku.

Kusimamia tasnifu ya shahada ya kwanza: saa 12 kwa mwanafunzi kwa muhula. Ya uzamili: saa 40 kwa mwaka, na ugawanye kwa mihula kulingana na hatua aliyofika.

Hatua ya 4: Pima kusahihisha kwa saa ya mkononi

Hapa ndipo mahesabu mengi yanapovunjika, kwa hiyo usikisie. Waombe walimu watatu, mmoja mwenye haraka, mmoja wa kawaida na mmoja anayesoma kila mstari, wachukue vijitabu 20 vya mtihani uliopita na kuandika muda wa kuanza na wa kumaliza. Gawanya dakika kwa 20. Utapata namba tatu. Chukua ya katikati, iwe kiwango cha idara.

Usichukue ya mwenye haraka. Kijitabu cha majibu chenye insha tatu, kila insha kurasa tatu za mwandiko wa kukimbizana na muda, hakisomeki kwa dakika 5. Kinaweza kupewa alama kwa dakika 5, na hilo ni jambo jingine. Mwalimu wa haraka akiwa ndiye kipimo, idara nzima inasukumwa kusahihisha kwa kupapasa, na malalamiko ya matokeo yatakuja mezani kwako.

Pima pia kwa aina ya mtihani. Maswali ya kuchagua jibu yanakwenda upesi lakini kuyatunga ni kazi. Hesabu na takwimu zina mwendo wake, kwa sababu mwanafunzi akikosea mstari wa pili inabidi umfuate na kosa lake hadi mwisho ili umpe alama za njia. Insha ya lugha au historia ndiyo nzito kuliko zote.

Kama huna muda wa kupima muhula huu, anza na viwango hivi vya muda. Jaribio la darasani: dakika 6 kwa maswali mafupi, 10 kwa ya kujieleza. Kazi ya kundi: dakika 20 kwa kundi. Insha ya mtu mmoja: dakika 15. Mtihani wa mwisho: dakika 15 kwa maswali mchanganyiko, 20 kwa insha. Andika juu ya karatasi kwamba ni vya muda, na utaje mwezi ambao mtapima.

Hatua ya 5: Kokotoa kwa mwalimu mmoja mmoja

Tuwachukue wahadhiri wawili wa idara moja ya lugha. Ni mfano, lakini ukiingiza namba zako utaona sura zinafanana.

Wa kwanza ana kozi moja tu, Stadi za Mawasiliano, wanafunzi 280. Mhadhara saa 2 kwa wiki, makundi 7 ya semina ya watu 40, saa 1 kila kundi.

Mihadhara saa 30, na maandalizi ya kozi aliyoizoea saa 30. Semina 7 mara 13 ni 91, maandalizi yake 6.5. Jaribio: 280 kwa dakika 6, saa 28. Kazi ya vikundi: makundi 40 ya watu 7 kwa dakika 20, saa 13.3. Mtihani wa mwisho: 280 kwa dakika 15, saa 70. Kutunga mtihani 8, kuingiza alama 9.3, kuonana na wanafunzi 28. Jumla: saa 314.

Wa pili ana kozi tatu za fasihi za mwaka wa tatu, wanafunzi 32, 25 na 18, jumla 75. Kila kozi ina mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1 kwa wiki.

Mihadhara saa 90. Maandalizi, tukichukulia zote amezizoea, saa 90. Semina 39, maandalizi yake 19.5. Jaribio kwa dakika 10, saa 12.5. Insha kwa dakika 15, saa 18.75. Mtihani kwa dakika 20, saa 25. Kutunga mitihani mitatu, 24. Kuingiza alama 2.5, kuonana na wanafunzi 7.5. Jumla: saa 329, ukiweka sawa desimali.

Kozi moja saa 314, kozi tatu saa 329. Kwa mtindo wa kuhesabu kozi, yule wa kwanza angeongezewa mbili nyingine "ili alingane na wenzake".

Sasa badilisha kitu kimoja. Sema mojawapo ya kozi tatu za fasihi ni mpya kwa mwalimu wa pili. Maandalizi ya kozi hiyo yanapanda kutoka saa 30 hadi 90, na jumla yake inakuwa 389. Badilisha kingine: sema mwalimu wa kwanza amepewa Mkufunzi Msaidizi wa kubeba makundi 4 ya semina. Kwenye ratiba sasa anaonekana na saa 5 kwa wiki, mwenzake ana 9. Mtu anayesoma ratiba tu atasema ana nusu ya kazi. Lakini alichopunguziwa ni saa 52, amebaki na 262, kwa kuwa vijitabu vyote 280 bado ni vyake. Ukitaka kumsaidia mwalimu wa darasa kubwa, mpe msaidizi wa kusahihisha pia, na saa za msaidizi huyo nazo ziandikwe kwenye mstari wake.

Kwenye Excel, mstari mmoja uwe kozi moja ya mwalimu mmoja. Safu ya wanafunzi, safu ya dakika za kila kazi, na safu ya saa ambayo ni wanafunzi mara dakika, gawanya kwa 60. Usifiche viwango ndani ya fomula. Viweke kwenye ukurasa wake, vionekane, mtu abishane na namba badala ya kubishana na wewe.

Hatua ya 6: Mazoezi ya kufundisha yawe na hesabu yake

Kwa vyuo vyenye wanafunzi wa ualimu, hili ndilo fungu linalopotea mara nyingi, kwa sababu linaangukia likizo ndefu na halimo kwenye muhula wowote. Ndiyo sababu tuliweka hesabu ya mwaka.

Hesabu kwa siku. Kumwona mwanafunzi akifundisha kipindi, kupitia andalio la somo na azimio la kazi, kisha kukaa naye chini na kumweleza, weka saa 2. Kwa nadharia ungeona wanne kwa siku. Kwa vitendo, ratiba ya shule haikusubiri wewe: wawili wana kipindi saa mbili asubuhi, kwenye shule mbili tofauti. Weka watatu kwa siku mjini, wawili vijijini.

Safari ni kazi. Msimamizi aliyekaa kwenye basi kutoka Mtwara kwenda Masasi, karibu kilomita 200, hajapumzika. Mpangie nusu siku ya kwenda na nusu ya kurudi. Kwa Liwale weka siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi. Pia usihesabu kilomita tu, angalia na barabara. Ndani ya Tandahimba au Nanyumbu shule mbili zinazokaribiana kwenye ramani zinaweza kukula mchana wote kwa bodaboda.

Mfano: msimamizi ana wanafunzi 24 Masasi na Nanyumbu, 12 kila upande, na kila mmoja anaonwa mara moja. Masasi mjini na kando yake, watatu kwa siku, siku 4. Nanyumbu, wawili kwa siku, siku 6. Kuhama kutoka Masasi kwenda Nanyumbu, nusu siku. Kwenda na kurudi Mtwara, weka siku moja na nusu kwa kuwa kurudi ni kutoka mbali zaidi. Siku 12 kwa saa 8 ni saa 96. Wakionwa mara mbili, ni 192, karibu nusu ya zile saa 440 za nje ya mihula. Mwenzake aliyepangiwa idadi hiyohiyo ya wanafunzi 24 Mtwara mjini na Mikindani, watatu kwa siku, anamaliza mzunguko mmoja kwa siku 8, saa 64, na kila jioni analala kwake.

Tofauti hiyo haifutwi na posho. Posho inalipa chakula na malazi, hairudishi saa. Fanya mambo mawili: zungusha vituo ili aliyekwenda mbali mwaka huu apangwe karibu mwaka ujao, na andika saa zilizozidi kwenye hesabu yake ya mwaka.

Hatua ya 7: Kata panapostahili kukatwa

Mkuu wa idara mwenyewe. Weka saa 10 kwa wiki za uongozi, yaani 170 kwa muhula. Lakini tuchukulie kila mwalimu ana asilimia 10 ya huduma, ambayo ni saa 68, na uongozi ni huduma. Kwa hiyo zinazokatwa kwenye kufundisha ni 102, siyo 170. Mhadhiri aliye mkuu wa idara anabaki na 306. Walimu wanaangalia mstari wako kabla ya mistari yao.

Likizo ya uzazi ni siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12 kati ya 17. Mhadhiri anabaki na wiki 5: saa 200 za kazi, na asilimia 60 yake ni saa 120 za kufundisha. Usimpe kozi nzima kwa wiki hizo tano. Mpe tasnifu, uhakiki wa mitihani, au kusahihisha sehemu ya darasa kubwa. Akirudi, mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa hiyo saa 40 zake za wiki zinaweza kushuka hadi 30; kama zile wiki 5 ziko baada ya likizo, punguza na saa zake. Na muhula unaofuata asikute "deni". Hakuna deni la likizo ya kisheria.

Aliye masomoni huku anafundisha, kata kulingana na barua yake ya ruhusa. Bila barua, usikate kwa maneno ya mdomo; ndiyo mianya ambayo kesho watu wengine watano wataitaka.

Hatua ya 8: Linganisha, hamisha, bandika

Gawanya saa alizobeba kila mwalimu kwa fungu lake, upate asilimia. Mhadhiri wa Stadi za Mawasiliano ana 314 kwa 408, asilimia 77. Wa fasihi mwenye kozi mpya ana 389, asilimia 95. Lenga kila mtu awe kati ya 85 na 110. Wa asilimia 77 ana nafasi ya saa 94, na nafasi hiyo inatosha tasnifu 7, haitoshi kozi ya pili.

Unapohamisha, anza na vitu vidogo: tasnifu, makundi ya semina, furushi la vijitabu. Kuhamisha kozi nzima kunamgeuza anayepokea kuwa mgeni wa kozi, na maandalizi yanapanda mara tatu. Unaweza kuhamisha saa 100 upande mmoja zikafika 160 upande wa pili.

Idara nzima ikivuka 110, hapo ugawaji umefika mwisho na hakuna ujanja wa ratiba utakaosaidia. Jumlisha saa zilizozidi, gawanya kwa 408, utapata upungufu kwa idadi ya wahadhiri. Idara iliyozidi saa 900 inahitaji wahadhiri wawili na ushee. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye barua ya kuomba ajira au fedha ya wahadhiri wa muda, pamoja na jedwali lenyewe. Barua yenye neno "tumezidiwa" inaweza kukaa kwenye faili hadi korosho za msimu ujao; yenye jedwali angalau inabidi ijibiwe.

Na kama mhadhiri wa muda anatoka Dar es Salaam na kufundisha kwa vipindi vya mkupuo, sema wiki mbili, kubaliana naye kwa maandishi nani atasahihisha. Mara nyingi anapanda basi, na vijitabu vinabaki kwa mtu ambaye hakuhesabiwa saa hata moja.

Bandika jedwali lote ubaoni idarani, majina yote, wiki mbili kabla ya kufungua. Sababu za kukatiwa saa kama uzazi au ugonjwa zisiandikwe, andika tu saa zilizopo. Pokea marekebisho kwa siku tano. Wiki ya nne, usajili ukishatulia, rudi na idadi halisi ya wanafunzi, kwa maana darasa lililopangwa la 200 linaweza kuwa 260, na hapo semina na vijitabu vinabadilika. Hesabu hiyo ya wiki ya nne ndiyo ya kusainiwa na kupelekwa kwa mkuu wa kitivo.